Kabla ya Kuwasha Kipaza Sauti

Jumanne, 22 Julai

158/96. Mkono wa kushoto, baada ya chai. Vidonge viwili, cheupe na cha manjano. Nimemeza.

Nesi Mutheu wa zahanati kaniambia niandike namba tu, asubuhi na alasiri, kisha nimpelekee. Namba tu! Mimi nikishika kalamu siwezi kunyamaza. Nitamnakilia namba kwenye karatasi, daftari libaki langu.

Mashine katuletea binti yetu Rukia kutoka Mombasa. Inakaba mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. Somoe, mke wangu, hataki kupimwa. Asema presha yake yeye ni mimi.

Adhuhuri nimeadhini. Sauti ipo, alhamdulillahi. Miaka thelathini na moja nawaadhinia watu wa Matondoni na kuwatangazia maiti wao. Meno yameniacha, sauti bado.

Ijumaa, 25 Julai

184/108. Nikapima tena, 186. Sijala chumvi, sijagombana na mtu.

Sikio la kushoto linavuma. Kama kipaza sauti kilichowashwa, na mtu hajasema.

Jumamosi, 26 Julai

Mzee Bwanamkuu amefariki. Nimetangaza saa mbili asubuhi. Jina, jina la baba, nyumba, saa ya mazishi. Sauti moja, bila kupanda wala kushuka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Maiti wa tajiri na maiti wa maskini, sauti ni ile ile.

Sauti ikaenda ikagonga mikoko, ikarudi. Hurudi kila mara, imechelewa kidogo. Zamani sikuwa naisikia. Siku hizi naingoja. Sizimi swichi mpaka jina lirudi.

Alasiri 154/92. Imeshuka yenyewe.

Jumapili, 3 Agosti

181/106. Sikio limeanza tena. Nimemeza vidonge, nimelala kidogo, nimeamka, 183.

Somoe kaniuliza mbona naenda dirishani kila mara. Sikuwa najua kama naenda.

Jumatatu, 4 Agosti

Bi Zainabu wa nyumba ya karibu na kisima. Nimetangaza baada ya alfajiri. Alasiri namba imeshuka, 150/90.

Nikatafuta kwenye karatasi za zahanati za mwezi wa sita. Siku moja namba imeruka, 180 na kitu. Kesho yake nilimtangaza yule mzee wa jahazini. Mara tatu sasa. Juu, kisha maiti, kisha chini.

Sijamwambia mtu. Nimefunga daftari nikalifungua tena. Mara tatu.

Jumanne, 5 Agosti

Zahanati. Nilimtupia nesi Mutheu swali kwa mbali, kama mzaha. Je, presha yaweza kumjulisha mtu kifo kabla hakijatokea, kama cha Bwanamkuu na cha Bi Zainabu? Hakucheka. Huyu binti wa Ukambani hachekicheki ovyo. Akasema, "Mzee, hao wote walikuwa wagonjwa. Ulienda kuwaona. Ulijua wewe ndiwe utakayewatangaza. Mwili wako unaogopa kazi hiyo kabla kazi haijafika."

Maneno mazuri. Sikuyaamini.

Akatazama kadi yangu ya zamani. Kwa miaka mingi nilikuwa 130, 128. Akaweka kidole mahali namba zilipoanza kupanda, miaka miwili iliyopita. Akauliza mwezi huo kulikuwa na nini. Nikasema hakuna kitu, ni uzee.

Nimemwongopea. Mwezi huo nilimzika Shee.

Shee ni mwanangu. Miaka ishirini na saba. Alikuwa na pikipiki kule Mokowe, ng'ambo ya bara, akibeba abiria. Lori lilimpita karibu mno. Nilimtangaza mwenyewe. Watu walitaka kunipokea kazi, nikakataa. Nikasema, "Shee bin Lali amefariki, mazishi baada ya alasiri." Sauti moja. Kama huyo Lali ni mtu mwingine wa mtaa wa pili. Wazee wakanipa mkono, wakasema Lali ana moyo. Nilijivuna. Ndiyo, siku ile ile, nilijivuna.

Kuna jambo jingine la siku ile. Siliandiki.

Ijumaa, 8 Agosti

192/110.

Nimezunguka kijiji kizima kuulizia wagonjwa. Hakuna. Mtoto mmoja ana mafua. Wazee wote wanakunywa kahawa na kusengenya.

Tumo katika Mfunguo Tano, mwezi wa Safar. Mwezi mzito. Mama hakuwa akituruhusu kuanza safari ndani yake, wala kuoa. Sikuwahi kuyajali hayo. Leo nimeyajali.

Somoe kakohoa mara mbili akichambua mchele.

Jumamosi, 9 Agosti

190/110. Hakuna aliyekufa.

Nimefikiri jambo, naliandika waziwazi. Vidonge vinashusha namba. Namba ikishuka, mashine inanyamaza. Mashine ikinyamaza, sitajua. Nikijua mapema naweza kumpeleka Somoe Amu mjini kwa daktari, naweza kumwita Rukia, naweza angalau kuwa nyumbani. Safari hii nitakuwa nyumbani.

Basi sikumeza. Nimeviweka kwenye mkebe wa ubani, chini ya ubani wenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

196/112. Sikwenda zahanati. Nimemtumia nesi karatasi ya namba za uongo. 150, 148, 152. Namba nzuri.

Nikamwendea Kassim. Fundi wa majahazi, jirani yangu, tumecheza pamoja tangu utotoni. Alikuwa anagonga pamba kwenye nyufa za chombo. Mzima kama ng'ombe. Lakini ng'ombe naye hufa. Nikamwomba mkono wake nimpime. Akanipa, akicheka. 126/80. Nikamuuliza kama ameandika wasia.

Kicheko kikakatika. Akaweka nyundo chini. Kumbe minong'ono ilikuwa imeshaanza, Lali ana kipimo cha mauti, akikutazama sana jitayarishe. Sijui nani kawaambia. Labda uso wangu.

"Bwana Lali," akasema, "mimi si maiti wako. Nenda ndia yako."

Nimekwenda. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto. Alasiri 199.

Ijumaa, 15 Agosti

Watu wananiamkia wakitazama viatu vyao. Mama mmoja kamvuta mtoto ndani nilipopita. Punda tu ndiye aliyebaki njiani, naye kwa sababu ana mzigo.

Adhuhuri niliwasha kipaza sauti. Kabla ya kutamka, nikasikia pumzi. Nikadhani ni zangu, zinaingia kwenye maikrofoni. Nikazizuia. Zile nyingine zikaendelea. Ndani, nje. Taratibu, kama mtu aliyelala chumba cha pili.

Nikaadhini. Ningefanya nini?

Baada ya sala nikamuuliza imamu kama kipaza sauti kina tatizo. Kasema hakusikia kitu ila adhana, tena leo niliivuta vizuri.

Jumatatu, 18 Agosti

204/118. Nukta nyeusi zinaogelea machoni. Kichwa, nyuma, shingoni, kinagonga.

Ni Somoe. Nina yakini. Nimewapima wote kwa macho na wote wazima, amebaki yeye. Namfuata jikoni, namfuata uani. Namhesabia pumzi akiwa amejinyoosha baada ya chakula cha mchana. Akafumbua jicho moja. "Lali, una nini na mato yako? Mimi si mwezi wa kuandamwa."

Nikacheka. Kisha nikaenda msalani nikalia bila machozi. Najua kulia hivyo, nimezoea.

Huko msalani nikajisikia nasema maneno. Kwa sauti ya chini, ile sauti moja. "Somoe binti Athmani, mke wa Lali, amefariki." Nilikuwa najizoeza. Ulimi ulikuwa umeshayapanga yote, ilibaki saa ya mazishi.

Naogopa. Sijui naogopa nini zaidi, mauti au ulimi wangu.

Jumatano, 20 Agosti

211/120.

Leo mwezi ishirini na tano, Mfunguo Tano. Najua ni siku gani. Somoe anajua. Hatusemi. Kaoka mikate ya sinia, ile aliyoipenda Shee, na kuwapelekea watoto wa chuo cha Kurani. Sasa anatafuta ubani.

Anautafuta ubani. Mkebe

Jumapili, 24 Agosti

Naandika na mkono ule ule lakini herufi zimelala chali. Nimo hospitalini Amu, kitanda cha dirishani. Mkono wa kushoto bado mzito. Mdomo umerudi mahali pake, isipokuwa nikitaka kupuliza chai.

Niliweke sawa jambo hili, nisije nikalidanganya na daftari pia.

Jumatano Somoe alifungua mkebe. Akamwaga ubani kwenye sahani, vidonge vikamwagika pamoja nao. Vyeupe na vya manjano, ishirini na zaidi. Hakupiga kelele. Aliketi chini, akavitenga na ubani kimoja kimoja, kama anachambua mchele. Kisha akauliza kwa nini.

Nikamwambia yote. Namba, maiti, sikio, kwamba zamu hii ni yake. Kwamba nilikuwa namlinda.

Akasukuma sahani kando. Akasema, "Lali, wanipimia kifo? Mimi nalikufa siku ile. Nalikuwa na mkono kwenye unga. Nikasikia sauti yako yatoka yuu, yasema jina la mwanangu."

Hilo ndilo jambo nililokuwa siliandiki.

Simu ya kutoka Mokowe ilinikuta msikitini. Nyumbani ni hatua mia mbili. Ningeweza kwenda. Nilisimama mlangoni mwa msikiti na viatu mkononi, nikaona uso wa Somoe utakavyokuwa, nikarudi ndani nikawasha kipaza sauti. Ilikuwa rahisi zaidi kuwaambia watu wote kuliko kumwambia mtu mmoja. Mke wangu alipata habari ya mtoto wake pamoja na kijiji kizima, na punda, na wageni waliokuja kununua jahazi. Miaka miwili hakulitaja. Nami miaka miwili nilijiambia kwamba hakulitaja kwa sababu hakujali.

Nilitaka kujibu. Kikombe kikaanguka. Nilikitazama, nikautazama mkono, nikashangaa ni wa nani. Na nikaisikia sauti yangu ikirudi kutoka mikokoni. Shee bin Lali. Miaka miwili imechelewa. Nikasubiri iishe ndipo nizime swichi, lakini swichi haikuwepo, palikuwa na sakafu tu.

Kassim ndiye aliyenibeba. Yeye na wanawe, mpaka kwenye boti ya injini. Hakusema neno juu ya wasia. Nesi Mutheu akaja mbio kutoka zahanati, akapanda nasi na viatu vya plastiki.

Kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya Somoe. Mdomo ulikuwa umepinda lakini nilisema. Nikasema, nilikuogopa. Ikatoka vibaya, kama mtu mwenye tende kinywani. Akainama. Nikasema tena. Nilikuogopa, Somoe. Niliogopa uso wako.

"Nalijua," akasema. Akanipangusa mate kwa ncha ya buibui. "Lakini nalitaka uniambie wewe, si wao."

Nikalia. Safari hii kwa machozi. Nililia toka mkondo wa Matondoni mpaka gati ya Amu, na mwenye boti akawa anatazama mbele tu, Mwenyezi Mungu amjaze heri.

Jumanne, 26 Agosti

168/98.

Daktari kasema ni kiharusi kidogo kilichopita njia. Kingine hakitapita. Nisirudie upuuzi wa vidonge.

Nesi Mutheu alikuja Amu kwa shughuli zake, akaingia kunisalimu na karatasi yangu ya namba za uongo. Aliijua siku ile ile alipoipokea. Presha ya mtu haikai sawa hivyo, kasema, na alikuwa amepanga kuja nyumbani jioni ya Jumatano ile niliyoanguka. Nikamwomba radhi. Nikamweleza na habari ya Shee, yote, hata mlangoni na viatu mkononi.

Akaikunja karatasi ile. Kisha akasema huzuni iliyofungiwa humnyima mtu usingizi, humweka roho juu asubuhi mpaka jioni, na mishipa nayo hukaa imekazwa. Halafu mtu huyo huyo huacha dawa, kwa sababu amechoka au kwa sababu amejitungia hadithi. Akasema dawa haitalia badala yangu, na kilio hakitashusha presha badala ya dawa. Vyote viwili. Kuna mshauri anayekuja zahanati kila mwezi, kaandika jina langu bila kuniuliza.

Somoe akadakia kutoka kwenye kiti. "Mficha maradhi kilio humuumbua." Wote wawili wakanitazama. Nimezungukwa.

Jumanne, 2 Septemba

Nyumbani. 160/94. Somoe anasimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha aniambia nifungue kinywa. Kama mtoto mwenye minyoo.

Vijana wanajizoeza matari ya Maulidi. Zamani wangenikuta mstari wa mbele. Leo nimesikiliza nikiwa kibarazani, na watu wawili wamekuja kuketi nami. Hawakutazama viatu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwona mshauri. Kijana, ndevu tatu. Nilikwenda na ubishi wangu mzima. Akaniuliza Shee alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia alikuwa mvivu wa kuamka, na alikuwa akiiga adhana yangu puani mpaka mama yake anamfukuza na mwiko. Nikaongea saa nzima. Ubishi nikarudi nao nyumbani haujatumika.

Alasiri 152/90.

Jumatano, 17 Septemba

Ndoto ya mchana. Pumzi zile za kipaza sauti. Nimeamka, moyo unakwenda mbio, 170. Zamani ningekimbilia kwenye orodha ya wagonjwa. Nikamwamsha Somoe nikamwambia. Akasema twende tukatazame kuku.

Tukatazama kuku. Baada ya nusu saa 156.

Bado sijui zile pumzi zilikuwa za nani. Nesi asema damu hugonga masikioni, presha ikipanda sana mtu huisikia. Huenda. Nilizizuia za kwangu na zile zikaendelea, hilo nalijua.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimerudi kuadhini. Mkono wa kushoto haufiki sikioni vizuri, naegemeza kiwiko ukutani. Sauti imekwaruza kidogo katikati. Somoe kasema yapendeza zaidi sasa, zamani ilikuwa kama ya redio.

Jumamosi, 27 Septemba

136/84. Namba ya chini kabisa tangu mashine hii ifike. Nikapima tena, nisije nikajipendelea. 134. Sikio kimya. Nimekula mkate wa mofa na chai isiyo na chumvi wala maneno. Nimekwenda msikitini mapema kufagia.

Kassim akaja amevaa kikoi tu, bila shati. Akasimama mlangoni. Mama yake. Alisali alfajiri, akajilaza, hakuamka. Hakuwa mgonjwa. Jana alikuwa akimgombeza muuza samaki.

Mashine haikujua. Mimi sikujua. Nilikuwa 134.

Nikamshika mkono, tukaketi kwenye mkeka. Baadaye akanipa jina lote la mama yake, ingawa nalijua tangu sijaota meno. Nikauliza kama dada zake wamepata habari. Akasema bado, mmoja yuko kisimani na mwingine yuko jikoni kwake anapika.

Nikamwambia aende kwanza. Awaambie mwenyewe, uso kwa uso, amalize, kisha anitumie mtu.

Akaondoka. Nikaketi kando ya swichi. Sikio halikuvuma. Nikamsikia mwanamke akilia upande wa kisima, kisha wa pili, karibu zaidi. Sikuwasha. Aliponijia mtoto wa Kassim kuniambia tayari, nilikaa kidogo tena, mpaka vilio vikatulia, ndipo nikainuka.